Mpanda ngazi hushuka: Ni nini kinachofanya ukumbi wa kukwea miamba uwe mzuri?

Kukwea miamba ulikuwa mchezo wa watu wachache waliothubutu kwenda milimani. Leo mchezo huo huchezwa pia ndani ya majengo, chini ya paa na taa, katika miji mingi duniani. Barani Afrika, Nairobi, Johannesburg na Cape Town ni miongoni mwa miji ambako mkazi anaweza kulipa kiingilio, kukodi viatu na kukwea ukuta uliotengenezwa kwa mbao na plastiki baada ya saa za kazi.

Mgeni anayeingia katika ukumbi wa aina hiyo kwa mara ya kwanza huvutiwa na kimo cha kuta, rangi za vishikio na watu wanaoning'inia juu kama popo. Mambo hayo yanapendeza machoni, lakini si kipimo cha ubora. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Katika mchezo huu wengi hushuka kwa kuanguka, tena mara nyingi kwa siku moja, na ubora wa ukumbi hujulikana kwa namna ulivyojiandaa kwa anguko hilo.

Suala hili si dogo. Mtu anayeanguka kutoka kimo cha mita 3 hufika chini kwa kasi ya takriban kilomita 28 kwa saa. Akianguka kutoka mita 15 bila kuzuiwa na kitu, kasi yake huzidi kilomita 60 kwa saa. Tofauti kati ya mchezo na msiba ni godoro lililo chini, kamba iliyo kiunoni na mwenzake aliyeishika.

Kutoka ukumbini chuoni hadi Olimpiki

Neno mkwezi si geni kwa wasemaji wa Kiswahili. Katika pwani ya Afrika Mashariki, mkwezi ni mtu anayeishi kwa kupanda minazi, na vidato ni mikato inayochongwa kwenye shina ili mguu upate pa kukanyaga. Wazo la kuta za kisasa halitofautiani sana na hilo: kumpa mkwezi mahali pa kushika na pa kukanyaga pale ambapo hapakuwapo.

Mwaka 1964 Don Robinson, mhadhiri wa elimu ya viungo katika Chuo Kikuu cha Leeds nchini Uingereza, alipachika vipande vya mawe katika ukuta wa ujia wa chuo ili wanafunzi wafanye mazoezi wakati wa baridi na mvua. Ukuta huo ulikuwa mdogo na haukuwa na madoido, lakini uliwapa vijana nafasi ya kurudia mwendo uleule mara mia bila kungoja hali nzuri ya hewa. Walipokwenda kwenye miamba halisi, wengine waliwashinda wakongwe.

Mwaka 1987 ukumbi wa kibiashara ulifunguliwa mjini Seattle, Marekani, ukiitwa Vertical Club. Waasisi wake walibandika mawe kwenye kuta kwa gundi. Mwaka 1991 mji wa Sheffield nchini Uingereza ulipata ukumbi wa The Foundry. Kuanzia hapo mawe yalianza kuachia nafasi vishikio vya plastiki vinavyofungwa kwa bolti, ambavyo vinaweza kufunguliwa, kuoshwa na kupangwa upya.

Mchezo huu uliingia katika Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Tokyo, katika mashindano ya 2020 yaliyofanyika mwaka 2021. Mjini Paris mwaka 2024, Veddriq Leonardo wa Indonesia alishinda medali ya dhahabu ya mbio za kukwea kwa kupanda ukuta wa mita 15 kwa sekunde 4.75. Janja Garnbret wa Slovenia alitetea ubingwa wake katika shindano linalounganisha ukweaji wa kuta fupi na ule wa kamba. Katika michezo yote miwili, Afrika iliwakilishwa na wakwezi wa Afrika Kusini pekee, nchi yenye kumbi nyingi na mashindano ya vijana. Katika mchezo ambao mazoezi yake hutegemea kuta za kutengenezwa, penye ukumbi ndipo penye wachezaji.

Kuta fupi, kuta ndefu

Kabla ya kupima ubora, yafaa kujua kuwa kumbi hizi zina aina mbili kuu za ukweaji, na kila aina ina hatari yake.

Aina ya kwanza ni kukwea kuta fupi bila kamba. Kwa kawaida kimo chake hakizidi mita 4 na nusu. Mkwezi hupanda njia fupi yenye hatua chache lakini ngumu, na akishindwa huangukia godoro. Mtindo huu ulikomaa katika msitu wa Fontainebleau, kusini mwa Paris, ambako majabali ya mchanga mgumu yametapakaa kati ya miti. Hadi leo kumbi nyingi za Ulaya hupima ugumu wa njia kwa vipimo vilivyobuniwa katika msitu huo.

Aina ya pili ni kukwea kuta ndefu kwa kamba. Hapa mkwezi huvaa mkanda wa usalama kiunoni na mapajani, na mwenzake husimama chini akiishika kamba kwa kupitia kifaa cha breki. Kwa wanaoanza, kamba huwa imekwisha kupitishwa juu ya ukuta, hivyo mtu akiteleza hushuka kidogo tu. Kwa waliobobea, mkwezi huondoka chini na kamba yake na kuipachika kwenye ndoano za ukutani kadiri anavyopanda. Akianguka, hushuka umbali wote alioupanda tangu ndoano ya mwisho, kisha umbali kama huo tena, na zaidi kidogo kwa kuwa kamba hunyumbuka.

Aina hii ya pili huwatisha wageni zaidi kwa sababu ya kimo. Hata hivyo, kamba iliyoshikwa sawasawa humsimamisha mtu hewani kabla hajafika chini. Katika kuta fupi, kila anguko huishia sakafuni. Ndiyo maana vifundo vya miguu, magoti na viwiko huumia zaidi katika kuta zinazoonekana kuwa rahisi.

Godoro si godoro tu

Kitu cha kwanza cha kukaguliwa katika ukumbi wa kuta fupi kiko chini. Sakafu nzuri huwa na tabaka la sponji la unene wa sentimita 30 au zaidi. Juu huwekwa sponji ngumu inayosambaza uzito wa mwili, na chini yake sponji laini inayomeza kishindo. Ikiwa yote ni laini, mguu huzama na kupinda. Ikiwa yote ni ngumu, kishindo hurudi kwenye goti na uti wa mgongo.

Sakafu hiyo inapaswa kuwa kitu kimoja, bila mianya. Magodoro yaliyosogezwa kandokando bila kifuniko cha pamoja huachana polepole, na mguu unaotua kwenye mwanya huo huteguka. Godoro linapaswa pia kwenda mbele ya ukuta angalau mita 2, na zaidi pale ukuta unapokuwa mrefu au unapoinamia mbele, kwa sababu mtu hatui palepale aliposhikilia. Viwango vya Ulaya vinavyohusu kuta za kukwea, vinavyojulikana kama EN 12572, vimetenga sehemu nzima kwa ajili ya kuta fupi na eneo la kuangukia.

Godoro bora nalo halitoshi ikiwa eneo la kutua limejaa watu. Mtu anayeangukia mwenzake huwaumiza wote wawili. Katika ukumbi unaosimamiwa vyema, mhudumu humwondoa mara moja mtoto anayecheza chini ya mkwezi, chupa ya maji haiachwi kwenye godoro, na njia mbili zinazokutana juu hazipangwi kwa namna itakayowafanya wakwezi wagongane.

Kisha kuna elimu ya kuanguka yenyewe. Somo la kwanza katika ukumbi makini hutolewa mgeni akiwa bado karibu na ardhi. Hufundishwa kutua kwa miguu yote miwili, kukunja magoti, kuketi na kubingirika kwa mgongo, mikono ikiwa imekumbatia kifua. Silika ya binadamu ni kutanguliza mkono nyuma ili kujizuia, na silika hiyo ndiyo huvunja viganja na kutegua viwiko. Mgeni hufundishwa pia kuteremka kwa kushika vishikio vikubwa badala ya kuruka kutoka juu kila mara. Ukumbi unaopokea fedha mlangoni na kumwacha mtu aende ukutani bila somo hilo la dakika chache umeruka jambo la msingi.

Kamba na mkono wa mwenzako

Katika kuta ndefu, usalama hutegemea mnyororo wa vitu: mkanda, fundo, kamba, karabina, kifaa cha breki na mkono unaoshika kamba. Kiungo chochote kikikosea, vilivyobaki havina msaada. Vifaa vya kisasa hukatika kwa nadra sana vikitunzwa vizuri. Kinachokosea mara nyingi ni binadamu: fundo lisilomaliziwa, karabina isiyofungwa, au mshika kamba anayezungumza na mtu mwingine huku mkono wake umelegea.

Kwa hiyo kumbi zenye sifa hazimruhusu mtu kumshikia mwenzake kamba kabla ya kupimwa. Mhudumu humtaka afunge fundo la nane mbele yake, aweke kamba kwenye breki, ampandishe mtu, azuie anguko na kumteremsha polepole. Asiyefaulu haruhusiwi, hata kama amelipa na hata kama anasema amekwea kwa miaka 10. Wageni wengine huudhika kwa jaribio hilo. Kwa kweli ndilo linalowalinda, kwani katika ukumbi usio na jaribio, hakuna ajuaye kama jirani yake anajua anachofanya.

Baada ya jaribio huja desturi ya kukaguana. Kabla ya kila safari ya kwenda juu, wawili hao hutazamana: mkwezi huangalia breki na karabina ya mwenzake, na mshika kamba huangalia fundo na vifungo vya mkanda wa mkwezi. Huchukua sekunde 10. Katika ukumbi wenye utamaduni mzuri, hata mabingwa hufanya hivyo bila kuona haya, na wanaoanza huiga.

Uzito nao huzingatiwa. Mkwezi mwenye kilo 90 akianguka, mshika kamba mwenye kilo 50 anaweza kunyanyuliwa na kugongwa ukutani. Kumbi zilizojiandaa huwa na vifuko vya mchanga vya kumwongezea uzito mshika kamba, au vifaa vinavyowekwa kwenye ndoano ya kwanza ili kuongeza msuguano.

Miaka ya karibuni zimeenea mashine zinazoshika kamba zenyewe. Mashine hufungwa juu ya ukuta, huvuta mkanda kadiri mtu anavyopanda na kumteremsha taratibu anapoachia. Huwasaidia watu waliokuja peke yao. Lakini zimeleta kosa jipya: mtu aliyepanda mara nyingi huanza safari nyingine akiwa amesahau kujifunga, hupanda hadi juu, kisha huachia. Hapo hakuna mwenzake wa kumkumbusha. Dawa iliyobuniwa ni kizuizi kikubwa cha kitambaa kinachofungwa chini ya njia, ambacho hakiondoki mpaka mkwezi aichukue karabina ya mashine. Ukumbi wenye mashine hizo bila vizuizi ni wa kutiliwa shaka.

Takwimu zinaonyesha kuwa uangalifu huzaa matunda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 nchini Ujerumani ulifuatilia ziara 515,337 za wakwezi wa kuta za ndani katika kipindi cha miaka 5. Majeraha ya ghafla yaliyorekodiwa yalikuwa 30, na hakuna aliyekufa. Hiyo ni wastani wa jeraha moja kwa zaidi ya ziara 17,000. Ujumbe wake si kwamba kukwea hakuna hatari, bali kwamba hatari hiyo inaweza kutawaliwa.

Mpanga njia, fundi asiyeonekana

Ukuta salama unaweza kuchosha haraka. Kinachomfanya mtu arudi kesho ni njia zilizopangwa juu yake, na kazi hiyo ni ya fundi ambaye wageni wengi hawamwoni: mpanga njia.

Ukuta wenyewe ni mbao za plaiwudi zilizotobolewa matundu mengi, na nyuma ya kila tundu kuna nati. Mpanga njia hupanda kwa ngazi au kwa kamba akiwa na mashine ya kukazia bolti, akafunga vishikio vya rangi moja kimoja baada ya kingine. Rangi humwambia mkwezi ni vishikio vipi ni vya njia yake. Kisha mpanga njia hukwea alichokitengeneza, hubadilisha, hukwea tena, na huwaomba wenzake wenye maumbile tofauti wajaribu.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo hutenganisha fundi na mbabaishaji. Mpanga njia mrefu anaweza, bila kukusudia, kutengeneza njia ambazo mtu mfupi hazifikii kabisa. Njia ngumu ni halali. Njia inayomfungia mtu nje kwa sababu ya kimo chake ni kasoro, hasa ikiwa imewekewa alama ya wanaoanza. Katika ukumbi mzuri, wanawake, watoto na watu wafupi wana njia za kila daraja la ugumu, na mara nyingi miongoni mwa wapanga njia wamo pia wanawake.

Njia zinapaswa kubadilishwa mara kwa mara. Kumbi kubwa hupanga upya sehemu moja ya ukuta kila wiki au kila baada ya wiki mbili. Vishikio vilivyoondolewa huoshwa, kwa sababu jasho, unga na mpira wa viatu huvifanya viteleze. Kishikio kinachozunguka mkononi ni dalili ya bolti iliyolegea, na kinapaswa kuripotiwa na kukazwa siku hiyohiyo, maana humwangusha mtu akiwa hakutarajia.

Idadi ya njia ngumu pia haipaswi kumdanganya mgeni. Ukumbi wenye njia nyingi za mabingwa na chache za wanaoanza huvutia kwenye picha, lakini wengi wa wateja wake ni watu wa kawaida. Watu hao wasipopata ngazi ya kupanda hatua kwa hatua, huja mara moja na hawarudi.

Hewa, unga na mpira

Jambo ambalo lilipuuzwa kwa muda mrefu ni hewa. Wakwezi hupaka mikono unga mweupe wa magnesi ili kukausha jasho. Unga huo hupeperuka na kuelea. Ukumbi usio na madirisha, feni au mitambo ya kuchuja hewa hujaa ukungu mweupe ifikapo jioni.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vienna nchini Austria na wa taasisi ya EPFL nchini Uswisi walieleza kuwa walipata katika hewa na vumbi la kumbi za kukwea kemikali zinazotokana na mpira wa viatu vya kukwea. Baadhi yake ni za jamii ileile inayotumika katika matairi ya magari. Viatu hivyo hutengenezwa kwa mpira unaonata sana, na kila hatua huacha chembechembe ukutani. Athari yake kwa afya ya binadamu bado inachunguzwa, lakini wanaokaa humo siku nzima, yaani wahudumu, makocha na wapanga njia, ndio wanaovuta hewa hiyo zaidi.

Hatua za kupunguza vumbi si za ajabu: kupitisha hewa safi, kusafisha magodoro kwa mashine ya kufyonza vumbi badala ya kufagia, kuosha vishikio, na kuwahimiza wateja watumie unga wa majimaji. Katika miji ya pwani yenye joto na unyevu, ambako viganja hulowa haraka na unga hutumika kwa wingi, mpangilio wa hewa ungehitaji kufikiriwa kabla ya ukuta wa kwanza kusimamishwa.

Watoto na vidole vyao

Wazazi wengi huanza kuujua mchezo huu kupitia watoto wao, na watoto wepesi hupanda haraka. Hapa ubora wa ukumbi hujulikana kwa namna kocha anavyomzuia mtoto, si kwa namna anavyomsukuma.

Mifupa ya vidole vya kijana anayekua ina sehemu laini za ukuaji. Mazoezi mazito ya kuning'inia kwa ncha za vidole, au ya kurukaruka kwa mikono kwenye vibao vyembamba, yanaweza kuzivunja sehemu hizo taratibu. Kijana anayelalamika maumivu katikati ya kidole, yasiyoisha baada ya mapumziko, anapaswa kuonwa na daktari. Kocha anayejua kazi yake huwaelekeza vijana kwenye mbinu za miguu, usawa na njia nyingi tofauti, na vibao vya kuimarisha vidole huviweka mbali na wasio na umri.

Ukumbi mzuri pia huweka wazi nani anamsimamia mtoto wakati gani, uwiano wa watoto kwa kocha, na kwamba mikanda ya watu wazima haitumiki kwa watoto wadogo. Mtoto mwenye nyonga nyembamba anaweza kuchomoka katika mkanda wa kiunoni akipinduka. Ndiyo maana kuna mikanda inayoshika mwili mzima.

Kutoka plastiki hadi mwamba

Kwa Afrika Mashariki, ukumbi wa ndani una jukumu jingine. Nchini Kenya, wakwezi huenda kwenye miamba ya Lukenya iliyo nje ya Nairobi, na kwenye hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha. Mbali zaidi kuna Mlima Kenya, ambao kilele chake cha juu, Batian, kina mita 5,199 na hakifikiki kwa kutembea tu; lazima kukwewa kwa kamba. Ni kilele cha Lenana, kilicho chini kidogo, ambacho wapanda milima wengi hukifikia kwa miguu, na ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya Kenya wakati wa uhuru mwaka 1963.

Nairobi imekuwa na ukumbi wa BlueSky, ambako mkazi wa jiji anaweza kujifunza fundo, breki na mwendo wa miguu bila kusafiri. Lakini ukuta wa ndani haufundishi kila kitu. Ndani ya ukumbi ndoano zimekaguliwa, vishikio vimekazwa na mvua hainyeshi. Nje, jiwe linaweza kung'oka mkononi, kofia ngumu ni ya lazima, na hali ya hewa hubadilika. Korongo la Hell's Gate lilikumbwa na mafuriko ya ghafla yaliyoua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019.

Kwa sababu hiyo, ukumbi wenye dhamiri haumwambii mwanafunzi wake kuwa sasa amekuwa mkwezi wa milima kwa kuwa amefaulu ukutani. Humweleza alichojifunza na alichobakiza, na humwunganisha na waongozaji wenye uzoefu.

Maswali ya kuuliza mlangoni

Mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo huu bado anaweza kuupima ukumbi kwa muda mfupi kabla ya kulipa.

Je, wageni hupewa somo la kuanguka kabla ya kugusa ukuta? Je, mshika kamba hupimwa kabla ya kuruhusiwa? Je, magodoro yameungana, au kuna mianya? Je, kuna kumbukumbu za maandishi zinazoonyesha lini kamba, mikanda na mashine zilikaguliwa mara ya mwisho, na nani alizikagua? Je, chini ya mashine za kujishikia kamba kuna vizuizi? Je, wahudumu wako sakafuni wakitazama, au wote wako kwenye kaunta? Je, kuna mtu aliyesomea huduma ya kwanza, na njia ya gari la wagonjwa iko wazi?

Majibu yana maana, lakini namna yanavyotolewa ina maana zaidi. Mhudumu anayejivunia kazi yake huyapokea maswali hayo kwa furaha na kumwonyesha mgeni daftari la ukaguzi. Anayekasirika au kucheka amejibu pia.

Bei, muziki na kimo cha kuta hubaki kuwa hiari ya mteja. Kuna kumbi ndogo zenye ukuta mmoja wa mita 4, bila mgahawa wala taa za kupendeza, ambamo kila anayeingia hutoka akiwa amejifunza kitu na akiwa mzima. Jioni, wa mwisho anapoteremka, mhudumu hupita na funguo yake akigusa bolti moja moja, huvuta kamba yote mkononi akitafuta sehemu iliyochakaa, na huandika tarehe. Kazi hiyo hufanyika wateja wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani, na kesho yake wataanguka juu yake bila kujua.